LibriVox: chagua msomaji kwanza, kitabu baadaye

Mtu akikwambia vitabu vya sauti vya LibriVox, maktaba ya mtandaoni, havisikiliziki, hajasema uongo. Mwingine akikwambia amesikiliza humo riwaya ya zaidi ya saa 24 bila kuchoka, naye kasema kweli. Wote wawili wameingia maktaba moja, wakaangukia wasomaji tofauti. Kila kitu humo ni bure, ila kazi ya kuchambua ameachiwa msikilizaji, na asiyejua kuchambua husikia sura mbili mbovu akafuta kila kitu kwenye simu.

Mradi ulianza Agosti 2005, pale Hugh McGuire wa Montreal, Kanada, alipowaomba watu wajitolee kusoma kwa sauti sura mojamoja za riwaya ya Joseph Conrad, The Secret Agent. Leo katalogi ina kazi zaidi ya 18,000: riwaya, mashairi, tamthilia, insha, historia, ngano za watoto. Sehemu kubwa ni Kiingereza, kisha Kijerumani, Kihispania, Kifaransa na lugha nyingine kadhaa. Hujiandikishi, hulipi, na hakuna tangazo linaloingia katikati ya sura. Mafaili yenyewe yanakaa kwenye Internet Archive, kwa hiyo ukibonyeza kupakua ukaona umehamia tovuti nyingine, usishtuke.

Wanachorekodi ni kile tu ambacho hakimiliki yake imekwisha kwa sheria ya Marekani. Mwaka 2025 hiyo ilikuwa na maana ya vitabu vilivyochapishwa kabla ya 1930, na kila Januari mwaka mmoja huongezeka. Ndiyo maana utapata Dickens, Austen, Tolstoy na Conan Doyle kwa wingi, lakini hutapata riwaya ya kisasa hata uikeshee. Kanuni hiyohiyo inagusa tafsiri: Dostoyevsky unayemkuta humo mara nyingi ni wa mkono wa mtafsiri Constance Garnett, ambaye Crime and Punishment yake ilitoka 1914. Ni Kiingereza safi, ila cha zamani. Ukiwa na kitabu cha karatasi chenye tafsiri mpya ukategemea kufuatisha mstari kwa mstari, sentensi hazitalingana.

Kwa nini ubora unapanda na kushuka

LibriVox haimkatai mtu kwa lafudhi yake wala kwa namna anavyosoma. Kabla sura haijapokewa, mtu mwingine wa kujitolea huisikiliza yote, lakini anachotafuta ni makosa ya kiufundi: aya iliyorukwa, sentensi iliyorudiwa, kelele za nyuma, ukimya mrefu kupita kiasi, sauti ndogo mno. Kama msomaji anasoma mazungumzo ya wapenzi kama karani anayehesabu magunia, mhakiki huyo hana la kufanya. Faili ni zima, linapita.

Halafu kuna aina tatu za miradi, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mradi wa msomaji mmoja ni kitabu kizima kwa sauti moja. Mradi wa pamoja ni kitabu kilichogawanywa sura kwa sura kwa yeyote aliyejitokeza: sura ya 4 inasomwa na bibi wa Texas, ya 5 na kijana wa Singapore, ya 6 na mtu aliyekuwa na mafua siku hiyo. Kwa mkusanyiko wa hadithi fupi au mashairi hakuna ubaya, pengine inachangamsha. Kwa riwaya ndefu inachosha, maana kila dakika 20 sikio linaanza upya kumzoea mtu, na jina la mhusika mmoja linaweza kutamkwa kwa namna nne. Aina ya tatu ni usomaji wa kuigiza, ambamo kila mhusika ana msomaji wake. Hawa hawakai chumba kimoja: kila mmoja anarekodi kwake, kisha mtu anaunganisha. Utasikia mume anajibu kutoka chumba chenye mwangwi huku mke yuko kwenye chumba kilichojaa mapazia. Tamthilia za Shakespeare zinastahimili hilo, kwa sababu bila sauti tofauti huwezi kujua nani anasema.

Basi ukifungua ukurasa wa kutafuta, weka kichujio cha Solo, yaani msomaji mmoja. Vitabu maarufu vina matoleo kadhaa yaliyohesabiwa, toleo la 2, la 3, na kuendelea. Usichukue la kwanza linalojitokeza. Fungua kila moja, nenda sura ya tatu au ya nne, sikiliza dakika mbili. Sura ya kwanza inadanganya: mara nyingi ni dibaji, na msomaji bado hajapata mwendo wake. Sikiliza mambo mawili tu. Kwanza, je, unaweza kutofautisha maneno ya mhusika na maneno ya msimulizi bila kuambiwa? Pili, mwisho wa sentensi ndefu unasikika, au sauti inazama? Mengine, kama pumzi na mate, utayazoea.

Ukishampata msomaji anayekufaa, bonyeza jina lake. Ukurasa wake unaorodhesha kila alichorekodi, na hapo ndipo maktaba inapogeuka kuwa hazina. Karen Savage na Elizabeth Klett ni wa kuanzia kwa riwaya za Kiingereza za karne ya 19. Pride and Prejudice ya Savage na Jane Eyre ya Klett zinaweza kuwekwa mezani na za kulipia bila aibu. Mil Nicholson ni wa Dickens: anabadilisha sauti kwa kila mhusika, hata watu wa mahakamani waliotajwa mara moja. Moby-Dick ya Stewart Wills ndiyo ile ya zaidi ya saa 24 niliyoitaja juu. Msomaji akikuvutia, chukua hata kitabu chake usichokijua. Ni dau salama zaidi kuliko kuchukua kitabu unachokijua kwa sauti usiyoijua.

Rekodi za miaka ya mwanzo, 2005 hadi 2008 hivi, mara nyingi zina mvumo wa kompyuta na sauti inayopanda na kushuka. Tarehe ya kuwekwa katalogini imeandikwa kwenye ukurasa wa kila kitabu, itazame kabla ya kutumia bando.

Hesabu ya bando

Kila faili lipo kwa MP3 za viwango viwili, kilobiti 64 na kilobiti 128 kwa sekunde. Cha 64 kinakula takriban MB 29 kwa saa, cha 128 mara mbili yake, MB 58. Kitabu cha saa 10 kwa hiyo ni kama MB 290 au 580. Moby-Dick ni karibu MB 700 au GB 1.4. Kwa sauti ya mtu mmoja anayesoma, kwenye spika ya simu au hedifoni za kawaida, tofauti ni ndogo mno kulipia bando maradufu. Chukua 64. Faili la zipu la kitabu kizima linalotolewa kwenye ukurasa wa LibriVox nalo ni la 64. Ukitaka 128 yote kwa pamoja lazima uingie ukurasa wa Internet Archive.

Zipu ni nzuri kwa mtu wa Wi-Fi. Kwa anayepakua usiku kwa bando la usiku na mtandao unaokatika, ni mtego: likikatika kwenye asilimia 95, mara nyingi halifunguki kabisa na MB zimekwenda. Pakua sura mojamoja. Ni kazi ya kubonyeza, lakini sura iliyofika imefika.

Kuna pia M4B, faili lenye vituo vya sura ndani yake. Kwa iPhone na programu za vitabu vya sauti linapendeza. Kwa redio za flashi, sabufa na vitochi halifai. Vyombo hivyo vinataka MP3.

Na hapo kwenye sabufa na redio za flashi kuna tatizo ambalo watu hulaumu LibriVox bure. Unanakili sura 40 kwenye flashi, unawasha, inaanza sura ya 17, kisha ya 3. Majina ya mafaili yako sawa, yana 01, 02, 03 mwanzoni. Ila vyombo vingi vya bei nafuu havisomi majina, vinacheza kwa mpangilio ambao mafaili yalinakiliwa. Dawa: futa flashi kabisa, iwe katika mfumo wa FAT32, kisha nakili sura kwa zamu kuanzia ya kwanza, au kwa makundi madogo ukihakikisha kundi la kwanza limekwisha kabla ya kuanza la pili. Weka folda moja kwa kitabu kimoja. Chombo cha aina hii hakikumbuki ulipoishia katikati ya sura, kwa hiyo vitabu vya sura fupi ndivyo vinavyokifaa.

WhatsApp nayo ina yake. Ukimtumia ndugu sura kama faili la sauti, jina linabadilishwa kuwa AUD na tarehe na namba, na mpangilio wote unapotea. Tuma kama waraka. Jina linabaki lilivyo.

Kusikilizia nini

LibriVox yenyewe haina programu yake ya simu. Zile zenye jina hilo kwenye maduka ya programu zimetengenezwa na watu wengine wanaochota kutoka katalogi ileile, na baadhi zina matangazo. Si wizi, maana rekodi ni mali ya umma na yeyote anaweza kuzitumia, hata kuziuza. Ndiyo sababu utakuta rekodi hizihizi zikiuzwa kwenye maduka ya vitabu vya sauti, utangulizi wa LibriVox ukiwa umekatwa. Kabla hujalipia kitabu cha kale cha bei ndogo, andika jina la msomaji kwenye utafutaji wa LibriVox. Ukimkuta huko, funga pochi.

Kwa Android, njia nzuri zaidi ni AntennaPod, programu ya podikasti isiyolipiwa na isiyo na matangazo. Kila ukurasa wa kitabu una kiungo cha RSS, yaani anwani ambayo programu za podikasti huisoma. Kinakili, fungua AntennaPod, ongeza podikasti kwa anwani, bandika. Kitabu kinaingia kama kipindi chenye sura zake. Kisha fanya mambo matatu kwenye mipangilio ya kitabu hicho.

Panga sura kwa jina la faili kutoka A hadi Z, la sivyo huenda ukaanza na ya mwisho.

Weka kuruka kwa kujiendesha mwanzoni mwa kila sura. Kila rekodi inaanza kwa tangazo lilelile: hii ni rekodi ya LibriVox, rekodi zote za LibriVox ni mali ya umma, kwa maelezo zaidi au kujitolea tembelea tovuti. Mara moja si kitu. Kwenye Moby-Dick, yenye sura 135 na nyingine za dakika tatu tu, mtu anaweza kutupa simu dirishani. Sikiliza sura ya pili ukitazama saa, uone msomaji anatumia sekunde ngapi, kisha weka namba hiyo, ukipunguza mbili ili usikate neno la kwanza la kitabu. Mradi wa pamoja haukubali dawa hii vizuri kwa sababu kila msomaji ana urefu wake.

Ongeza sauti. Kiwango cha LibriVox ni takriban desibeli 89, chini ya muziki na vipindi vingi vya kisasa. Nyumbani inatosha. Ndani ya daladala au matatu yenye muziki wake, husikii kitu. AntennaPod ina ngazi za kuongeza sauti kwa kila kipindi. VLC, programu ya kucheza sauti na video, nayo inaruhusu kufika asilimia 200. Ukikaribia hapo herufi za s na sh zinaanza kukwaruza.

Kuhusu kasi: wanaosikiliza Kiingereza kama lugha ya tatu wasione haya kuteremsha hadi 0.9 au 0.85 kwa kitabu cha karne ya 19. Chini ya 0.8 sauti inalegea na maana inazidi kupotea. Ikiwa bado ni nzito, ukurasa wa kila kitabu una kiungo cha maandishi yaliyotumika, mengi kutoka Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya maandishi, na EPUB (faili la kitabu cha kusoma) isiyo na picha ni ya KB mia kadhaa tu. Mwanafunzi anayesoma huku akisikiliza anapata matamshi na tahajia kwa mpigo mmoja. Usichukue maandishi kutoka kwingine. Matoleo yanatofautiana na utahangaika kutafuta mstari.

Hadithi zetu humo

Msikilizaji wa pwani atakayetaka kuanza na kitu anachokijua ana milango miwili. Wa kwanza ni Alfu Lela Ulela. Toleo la Andrew Lang la 1898 ni fupi, limesafishwa kwa ajili ya watoto, na Kiingereza chake kinafuatika. Hilo ndilo la familia. La Richard Burton, yule aliyeondokea Zanzibar mwaka 1857 kwenda kutafuta maziwa makuu, ni la juzuu 10 zilizoanza kutoka 1885, Kiingereza chake kimekunjwakunjwa kwa makusudi na mambo ya chumbani hayakufichwa. Lisiwekwe kwenye sabufa ya sebuleni.

Wa pili ni Zanzibar Tales cha George W. Bateman, kilichochapishwa Chicago mwaka 1901, chenye ngano 10. Ya kwanza ni kima, papa na punda wa dobi. Yupo sungura na simba, yupo mwalimu Goso. Majina yameandikwa kwa sikio la Kiingereza: Hamdani ni Haamdaanee, kwa hiyo usitegemee matamshi ya Ng'ambo, Unguja. Waliokulia na kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania watasikia pengo: ngano imebaki na mifupa, ila wito na kuitikia, wimbo wa katikati na vichekesho vya msimulizi havimo. Sehemu ya lawama ni ya kitabu chenyewe, si ya anayekisoma.

Kwa Kiswahili chenyewe, LibriVox ni jangwa. Shaaban Robert haruhusiwi kwa sababu ya ile kanuni ya Marekani: Kusadikika, cha 1951, kinasubiri miaka 95 itimie. Lakini zipo kazi zinazoingia ndani ya mpaka bila mgogoro. Swahili Tales cha Edward Steere, London 1870, kina ngano za Zanzibar kwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, Sultani Darai akiwamo. Utendi wa Mwana Kupona ulichapishwa na Alice Werner mwaka 1917, na Inkishafi imo kwenye kitabu cha Stigand kuhusu lahaja za Kiswahili, cha 1915.

Atakayetaka kusoma mojawapo ajue utaratibu. Unajisajili kwenye jukwaa lao, unatuma jaribio la dakika moja ili wapime kipaza sauti chako, kisha unafungua mradi. Faili linatakiwa liwe MP3 ya kilobiti 128, kilohezi 44.1, mono (chaneli moja), na sekunde 5 za ukimya mwishoni. Audacity, programu ya kurekodi sauti kwenye kompyuta, inafanya yote hayo bila malipo. Usirekodi kwa programu ya kawaida ya simu iliyowashwa kichuja kelele. Sauti inatoka kama ya mtu aliye ndani ya maji, na mhakiki ataikataa. Zima feni, funga dirisha upande wa barabara, kaa karibu na kabati la nguo lililo wazi ili mwangwi unyweke. Pangia muda usio na adhana wala jogoo, maana sura ya dakika 20 iliyokatwa mara tano inasikika viraka vyote.

Tafuta mapema mwenzako wa kuhakiki anayejua Kiswahili, kwa sababu bila msikilizaji wa lugha hiyo mradi unakwama hata kama umerekodi kitabu kizima. Na ujue kwamba ukishatuma, rekodi ni mali ya umma papo hapo. Mtu anaweza kuichukua kesho, akaibandika matangazo na kuiuza, wala hutakuwa na pa kudai.